Huduma ya Ritz-Carlton aliyoisuka Horst Schulze: lipi la kuiga, lipi la kuacha

Mfumo wa huduma wa Ritz-Carlton, kampuni ya Marekani ya hoteli za kifahari, unasifiwa na watu wengi ambao hawajawahi kuuona ukifanya kazi. Wanachokijua ni kadi ndogo ya mfukoni, kaulimbiu ya mabibi na mabwana, na ile habari ya mfanyakazi kuruhusiwa kutumia hadi dola 2,000 kumridhisha mgeni. Vyote vitatu ni kweli. Lakini mwenye hoteli akivichukua hivyo tu akavipeleka kwake, baada ya miezi michache atakuwa na wafanyakazi wanaokariri maneno mazuri na wageni wanaosubiri kifungua kinywa kama zamani. Kilichofanya mfumo huu ustahili sifa zake kiko jikoni, stoo ya shuka, na kwenye simu ya fundi. Huko ndiko tathmini hii inakoelekea, na walengwa wake wa kwanza ni watu wa kazi: mameneja, wakuu wa idara, wahudumu, na wenye hoteli wanaotaka kujua watumie fedha yao wapi.

Aliyeusuka, Horst Schulze, alizaliwa mwaka 1939 Winningen, kijiji cha mashamba ya mizabibu kando ya mto Mosel, Ujerumani. Akiwa na miaka 11 aliwaambia wazazi wake kwamba anataka kazi ya hoteli. Akiwa na miaka 14 akaondoka nyumbani kwenda kuanza uanagenzi katika hoteli ya mji wa Bad Neuenahr: kuosha vyombo, kufuta visahani vya majivu ya sigara, kutoa sahani mezani. Mkuu wa wahudumu pale, Karl Zeitler, alikuwa akiingia ukumbini wageni wanafurahi kwamba amefika mezani kwao. Alijibeba kama mwenyeji, na hakuna aliyethubutu kumwona mtumwa. Kijana akaandika insha ya shule ya hoteli kumhusu, na wazo la insha ile ndilo lililokuja kuwa kaulimbiu ya kampuni nzima: sisi ni mabibi na mabwana tunaowahudumia mabibi na mabwana.

Baadaye akapitia hoteli kubwa za Uswisi, Ufaransa na Uingereza, akafanya kazi melini, akavuka kwenda Marekani katika miaka ya 1960. Alikaa Hilton, kisha Hyatt, ambako alipanda hadi kuwa meneja mkuu wa hoteli na baadaye makamu wa rais. Mwaka 1983 tajiri wa Atlanta, William B. Johnson, alinunua hoteli ya Ritz-Carlton ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1927, pamoja na haki ya kutumia jina hilo. Schulze akaingia akiwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni mpya, upande wa uendeshaji, na mwaka 1988 akawa rais wake. (Anayepanga safari ya Paris ajue kwamba Ritz ya Place Vendôme ni hoteli nyingine kabisa, haimo katika kampuni hii.) Mwaka 1992 kampuni ilipata Tuzo ya Malcolm Baldrige, tuzo ya ubora ya serikali ya Marekani, ikiwa kampuni ya kwanza ya hoteli kuipata. Mwaka 1999 ikaipata tena.

Tuzo ile haitolewi kwa sababu ya maua mezani. Wakaguzi wake wanataka kuona namna kosa linavyoandikwa, nani analifuatilia, na limepungua kwa kiasi gani. Hapo ndipo Schulze alipowazidi wenzake wa fani: alichukua hesabu za viwandani akazileta kwenye kazi ya kutandika vitanda, bila kuacha adabu za Zeitler.

Dakika kumi na tano

Moyo wa mfumo ni brifingi ya kila zamu. Kila idara, kila zamu, kila siku, watu wanasimama pamoja kwa takriban dakika 15 kabla ya kuanza kazi. Wapishi, dobi, walinzi, mapokezi, wahasibu, wote. Siku hiyo hoteli zote za kampuni, ziwe Amerika au Asia, zinazungumzia kipengele kimoja kilekile cha viwango. Enzi za Schulze viwango hivyo vilikuwa misingi 20, kila mfanyakazi akitembea nayo kwenye kadi ya kukunja. Misingi hiyo inagusa vitu vya kawaida kabisa: simu ipokelewe kabla ya mlio wa tatu kupita, mgeni akiuliza njia asindikizwe, asionyeshwe kwa kidole, usafi ni kazi ya kila mtu, anayepokea lalamiko ndiye mwenye lalamiko hilo.

Brifingi nzuri ina vitu vitatu tu: kiwango kimoja cha siku, wageni wa leo, na kosa la jana. Katika hoteli ya vyumba 20 inaweza kwenda hivi: vyumba 14 vina watu, wanaoingia ni watano, wanaoondoka ni watatu, mmoja wao ana ndege ya saa kumi alfajiri kwa hiyo jikoni wamfungie chai na mayai. Mtoto wa chumba namba 6 ana mzio wa karanga. Jana chumba namba 11 hakikuwa na maji ya moto asubuhi. Fundi amebadilisha elementi ya hita, mtu wa usafi afungue bomba aone kabla mgeni hajarudi. Kisha kiwango cha siku, kwa mfano kumsindikiza mgeni, na mfano mmoja wa jinsi kinavyotumika katika jengo lenu lenye ngazi tatu na giza pale nyuma.

Inaharibika kwa njia mbili, na zote zimeenea. Ya kwanza ni meneja kuigeuza kuwa mahakama: nani alichelewa, nani nguo zake hazikupigwa pasi. Siku ya pili watu wanaanza kuchelewa makusudi ili wasiikute. Ya pili ni kukariri. Mkuu wa idara anataja namba ya msingi, watu wanaitikia kwa sauti moja, wanatawanyika bila kujua kwamba mtoto wa chumba namba 6 akila karanga atapelekwa hospitali. Dawa yake ni kwamba anayeongoza abadilike kila siku, awemo hata mwosha vyombo, na kwamba kosa la jana litajwe pamoja na kilichofanyika, bila jina la mkosaji.

Lalamiko likipata mwenyewe

Tuchukue jambo dogo linalotokea pwani kila wiki. Mgeni anamkuta mhudumu wa usafi koridoni, anamwambia kiyoyozi kinadondosha maji kitandani. Katika hoteli nyingi jibu ni “nitawaambia mapokezi”, na hapo lalamiko limekufa. Kwa utaratibu wa Schulze, mhudumu yule amekuwa mwenye lalamiko tangu aliposikia. Anasikiliza hadi mwisho. Anaomba radhi kwa nafsi ya kwanza umoja, “naomba unisamehe”. Halaumu idara nyingine wala hasemi “wao”. Anampigia fundi mwenyewe, anasogeza kitanda, anabadilisha shuka. Ndani ya dakika 20 anampigia mgeni au anagonga mlango kuhakikisha kwamba ameridhika. Mwisho anajaza fomu ya tukio.

Fomu ndiyo inayorukwa mara nyingi, na bila fomu kila kitu kinajirudia. Kiyoyozi kinachodondosha maji ndani kwa kawaida kimeziba bomba la kutolea maji, kwa vumbi na utelezi unaoota kwenye unyevu. Fomu tatu za vyumba tofauti ndani ya mwezi zitamwambia meneja kwamba mabomba yote yanahitaji kupulizwa na kuoshwa kwa ratiba, badala ya fundi kukimbizwa chumba hadi chumba usiku wa manane.

Kuna kikwazo kingine ambacho vitabu vya usimamizi vinakipita haraka. Mhudumu wa usafi anapiga simu, fundi hainuki, kwa sababu aliyepiga si bosi. Mfumo huu ulilijua hilo, ndiyo maana kuna msingi wa kusaidiana kati ya idara: ombi linalomhusu mgeni lina uzito uleule, likitoka kwa meneja mkuu au kwa anayefagia ua. Hoteli isiyoweza kulitekeleza hili isijisumbue na mengine. Mwenye lalamiko asiye na nguvu ya kuita msaada amebebeshwa mzigo tu.

Dola 2,000 zinaingia hapa. Kila mfanyakazi wa Ritz-Carlton aliruhusiwa kutumia hadi kiasi hicho kwa mgeni mmoja ili kurekebisha tatizo, bila kumwuliza mkubwa wake. Watu wakisikia wanadhani kampuni inamwaga fedha. Ukweli ni kwamba matatizo mengi huisha kwa sahani ya matunda, kufuta bili ya chakula cha jioni, au teksi. Kiwango kile kikubwa kiliwekwa ili mhudumu asisimame mbele ya mgeni akisema “ngoja nimwulize meneja”. Hesabu yake ni ya mgeni anayerudi miaka na miaka, na mbele ya mgeni huyo chakula cha jioni ni kitu kidogo sana.

Hoteli ndogo haiwezi kuiga tarakimu hiyo, na haina haja. Bei ya usiku mmoja wa chumba inatosha kuwa kikomo. Kinachotakiwa ni kiandikwe, kisainiwe na mwenye hoteli, na mhasibu aelewe kwamba fedha hiyo haikatwi kwenye mshahara wa mtu. Pale ambapo glasi ikivunjika mhudumu anakatwa, hakuna mhudumu atakayethubutu kumpa mgeni hata soda ya bure, hata akipewa kadi ya dhahabu mfukoni. Hili litangulie mafunzo yote.

Shuka zilizochelewesha chai

Schulze ana kisa anachopenda kukisimulia ambacho kinaeleza mfumo wake vizuri kuliko kaulimbiu yoyote. Katika hoteli yake mojawapo wageni walilalamika kwamba kifungua kinywa kinachoagizwa chumbani kinachelewa. Njia rahisi ilikuwa kumkaripia mkuu wa kitengo. Badala yake ikaundwa timu ya watu wanaofanya kazi yenyewe: anayepokea oda, anayepika, anayepeleka. Wakafuata sinia hatua kwa hatua. Jikoni hapakuwa na tatizo. Sinia zilikuwa zikisubiri lifti. Lifti nazo hazikuwa mbovu. Walipokaa ndani yake wakaona inasimama ghorofa baada ya ghorofa, na anayeingia ni mtu wa usafi anayehamisha shuka kutoka ghorofa moja kwenda nyingine. Kwa nini ahamishe? Kwa sababu shuka hazitoshi. Kwa nini hazitoshi? Mtu fulani alipunguza bajeti yake. Chai ya mgeni ilikuwa inapoa kwa sababu ya shuka ambazo hazikununuliwa.

Ndani ya kampuni walikuwa na orodha ya vitu vitano vya kuwinda kila siku: makosa, kazi ya kurudiwa, vitu vinavyoharibika, muda unaopotea bure, na tofauti zisizotakiwa kati ya zamu na zamu. Kila kimoja kinaulizwa “kwa nini” hadi mara tano, na jibu la mwisho lisiwe jina la mtu.

Kwa hoteli zetu suala la shuka si mfano wa darasani, kwa hiyo hesabu yake iandikwe hapa. Hoteli yenye vitanda 40, kila kimoja shuka mbili, inahitaji shuka 80 kwa seti moja. Seti moja iko vitandani, moja iko kwa dobi, moja imepumzika stoo: hizo ni shuka 240, na hicho ndicho kima cha chini. Kama mnaanika juani na hamna mashine ya kukaushia, msimu wa masika utawaumbua. Wekeni seti ya nne, shuka 320. Ongezeni kidogo kila mwaka kufidia zinazochanika na zinazoingia madoa ya mafuta na hina ambayo hayatoki. Taulo ziende kwa hesabu hiyohiyo, na zaidi mkiwa na bwawa. Kila ghorofa iwe na kabati lake na idadi yake imebandikwa mlangoni, ihesabiwe mwisho wa zamu. Gharama hii inauma mara moja. Wahudumu wakipungukiwa, kwanza wanafichiana shuka, kisha wanachelewesha vyumba, kisha mapokezi yanajaa wageni waliofika saa nane wakaambiwa chumba bado. Na wote hao watamlaumu msichana wa mapokezi.

Watu kwanza, lakini si kwa maneno

Schulze hakuwa akiajiri kwa vyeti. Kampuni ilitumia usaili wa maswali yaliyopangwa, yanayotafuta tabia iliyokwisha kujijenga: je, mtu huyu anawajali wengine, anapenda usahihi, anamaliza alichokianza? Ufundi wa kubeba sinia unafundishika ndani ya wiki. Mfanyakazi mpya aliwekwa siku mbili akifundishwa misingi na sababu zake kabla ya kugusa kazi, na siku ya 21 akaitwa tena kuulizwa kama kampuni nayo imetimiza ilichomwahidi. Hoteli mpya ilikuwa na siku saba za maandalizi kabla ya kufunguliwa, na Schulze alikwenda mwenyewe kusimama mbele ya wapishi na wafagizi, akawaeleza kwamba kazi yao ina hadhi sawa na ya kwake. Rais wa kampuni kupanda ndege kwenda kuzungumza na waosha vyombo ni jambo la gharama, na lilifanya kazi kwa sababu aliwahi kuwa mwosha vyombo.

Upungufu wa mfumo uko kwenye ugumu wake. Mgeni aliyelala Ritz-Carlton kadhaa miaka ya 1990 alisikia maneno yaleyale kwa lafudhi tofauti, na baada ya muda maneno hayo yalichosha. Kampuni yenyewe iliona: mwaka 2006, Schulze akiwa amekwisha ondoka, misingi 20 ilibadilishwa kuwa maadili 12 yanayoeleza lengo na kumwachia mfanyakazi achague njia. Mabadiliko hayo yalikuwa sahihi. Misingi ya zamani inafaa hoteli inayoanza, ambako watu bado hawajui kiwango ni kipi. Hoteli iliyokomaa inahitaji nafasi ya kupumua.

Kanuni ya kutumia jina la mgeni inaonyesha vizuri tatizo la kunakili. Hatua tatu za huduma za kampuni ni salamu ya dhati kwa jina, kutimiza haja ya mgeni hata kabla hajaitaja, na kumuaga kwa jina. Mmarekani hupenda kuitwa kwa jina lake la ukoo. Mzee wa Kitanga au mama mtu mzima kutoka Lamu ataona kijana anayemwita kwa jina tupu amekosa malezi. Kwake hatua ya kwanza ni “shikamoo mzee”, “karibu mama”, na jina baadaye kama amelitoa mwenyewe. Mtu aliyelelewa vizuri tayari anayo nusu ya kile ambacho kampuni ile ilitumia miaka kukifundisha, mafunzo yasimvue.

Hatua ya pili, ya kutambua haja kabla ya kuambiwa, ilitegemea kumbukumbu. Wahudumu waliandika walichokiona kuhusu mgeni, ikaingizwa kwenye kompyuta, na akija hoteli nyingine ya kampuni anakuta mto mgumu anaoupenda. Ni utaratibu mzuri, na una hatari. Andikeni yanayohusu mto, chakula na gazeti. Msiandike alikuja na nani. Kila taarifa iwe na tarehe, kwa sababu mtu aliyependa kahawa miaka minne iliyopita huenda daktari amemkataza.

Alama ya Schulze baada ya Ritz-Carlton

Marriott ilinunua asilimia 49 ya kampuni mwaka 1995, kisha ikachukua karibu yote. Schulze aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaanzisha kampuni nyingine iliyozaa Capella: hoteli ndogo zaidi, vyumba vichache, kila mgeni akiwa na msaidizi wake anayewasiliana naye hata kabla ya safari. Capella ya Singapore, kisiwani Sentosa, ilifunguliwa mwaka 2009, na ndiko Donald Trump na Kim Jong Un walikokutana tarehe 12 Juni 2018. Mwaka mmoja kabla ya mkutano huo, kampuni ilikuwa imeuzwa kwa familia ya Kwee ya Singapore. Kwa ladha yetu Capella ndiyo iliyo karibu zaidi na Zeitler kuliko Ritz-Carlton ya leo, ambayo imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja kuishika.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanakutana na mfumo huu wakiwa kazini Dubai, Doha au Muscat, ambako hoteli ya Al Bustan Palace iko chini ya jina la Ritz-Carlton. Mwaka 2025 jina hilo lilifika Masai Mara. Anayepata nafasi ya kufanya kazi huko ajifunze hasa fomu za matukio na jinsi takwimu zake zinavyosomwa kila wiki. Hayo ndiyo atakayoweza kuyauza akirudi nyumbani. Maneno ya kadi yanapatikana bure.

Anayekwenda kama mgeni, kwa bei zile, ana haki ya kupima. Mwombe mtu ambaye jambo hilo si kazi yake: mwulize mlinzi wa mlango kuhusu nguo yako iliyokwenda dobi, au mwambie anayesafisha bwawa kwamba taa ya bafuni imeungua. Akichukua simu yake hapo hapo, na kabla ya dakika 20 kuisha akakutafuta kuuliza kama taa imewaka, fedha yako imefika mahali pake. Akikuelekeza mapokezi, kwa tabasamu lolote lile, omba kuzungumza na meneja wa zamu na umweleze kilichotokea. Usimtajie jina la aliyekujibu. Aliyekosa hapo ni aliyemfundisha.